Popo Kwenye Mizani ya Magunia

Shuleni walimwita Mama Upawa. Alipikia wanafunzi mia nne, na kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumshika kwa upendeleo: kila sahani upawa mmoja, umejaa mpaka ukingoni, basi. Mtoto wa mwalimu mkuu aliwahi kurudi mara ya pili na tabasamu la kuombea, akaondoka na tabasamu lake na sahani yake tupu. Haki ya upawa ule ilijulikana kuliko sheria za shule.

Nyumbani, mtu huyohuyo alikuwa mwizi wa haki mchana kweupe. Nyumbani alikuwepo mdogo wake wa kiume, na huyo alipakuliwa mpaka sahani ikaomba msamaha.

Mdogo mtu alikuwa fundi wa kupaua. Mafundi wenzake walimbatiza jina la Popo, kwa kuwa alizoea kufanya kazi amejining'iniza kwa mkono mmoja kwenye mbao za paa, mkono wa pili ukigonga misumari, huku akisimulia habari za watu waliokuwa chini. Alipotimiza miaka thelathini na minne, jukwaa alilosimama juu yake lilivunjika, akaangukia mgongo juu ya rundo la matofali. Uti wa mgongo uliumia chini kidogo ya mbavu. Tangu siku ile, kuanzia kitovuni kwenda chini hakusikia kitu, si baridi, si mwiba, si moto. Kichwa kilibaki kizima, mikono mizima, na ulimi, kama dada yake alivyopenda kusema, ulitoka hospitalini una nguvu kuliko ulivyoingia.

Mchumba aliyekuwepo alikuja kumwona mara tatu kwa wiki, kisha mara moja, kisha hakuja. Dada hakumlaumu wala hakumsubiri. Alikuwa mjane, wanawe walishajitegemea, nyumba ilikuwa na chumba cha ziada. Akamchukua mdogo wake kama mtu anavyochukua chake.

Kwa miaka mitatu asubuhi zao zilikuwa namna moja. Kabla ya kwenda kazini, dada aliinama kando ya kitanda, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mdogo wake, akahesabu, "Moja, mbili, tatu," akamvuta mpaka kwenye kiti cha magurudumu. Jioni alimrudisha kwa hesabu ileile. Katikati ya hesabu mbili hizo alimlisha. Wali ulipanda mlima, nyama ililala juu yake, mkate ulifuata kwa ajili ya mchuzi uliobaki. Kwa mpishi wa miaka kumi na tisa, mgonjwa asiyenenepa ni aibu ya jikoni, na Mama Upawa hakukusudia kuaibika.

Basi Jumatatu moja aliinama kwenye sufuria kubwa la shule na hakuinuka. Wenzake wawili walimbeba jinsi alivyokuwa, amejikunja. Daktari aliiangalia picha ya mgongo wake, kisha akamwangalia yeye.

"Mama, ukiendelea kumnyanyua huyo ndugu yako, mtalala wawili na hakutakuwa na wa kuwanyanyua."

Daktari akaandika barua kwa nyumba moja ya matunzo, mwendo wa siku nzima kutoka pale. Jibu halikukawia: kitanda kitapatikana baada ya miezi minne. Kabla ya hapo afisa wao atafika nyumbani kumwona mgonjwa. Anayeweza kujitoa kitandani mwenyewe atabaki nyumbani kwake, kwani vitanda ni vichache na ni vya wasioweza.

Popo aliisoma barua, akaikunja mara nne.

"Basi nitakwenda, dada. Wewe umeshabeba vya kutosha."

Alisema vizuri, kwa sauti ya mtu anayekubali chai. Kisha akageuza uso ukutani. Dada aliona kisogo kile, akaona maji yamemfika shingoni. Kesho yake alikwenda hospitalini, hatua moja hatua mbili, mkono kiunoni, kumtafuta mtu wa kumfundisha mdogo wake kujitoa kitandani.

Aliyempata alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi, mkavu, aliyehesabu mazoezi bila kutabasamu. Popo alimpa jina la Kamanda dakika ya kumi ya siku ya kwanza, naye akalipokea bila kupinga.

"Kwanza tujue uzito," Kamanda alisema.

Ikawa kazi. Mizani ya hospitali ilikuwa ya kusimama, na Popo alimweleza kwamba yeye na kusimama walishaachana. Mama Upawa ndiye aliyekumbuka mizani ya magunia kwenye stoo ya shule, ile ya jukwaa pana la chuma. Jumamosi wakamsukuma mpaka kule. Mtunza stoo akapangusa unga, akakipandisha kiti na mwenyewe ndani yake, akasogeza chuma mpaka kikatulia. Kilo mia moja na kumi na nne. Kiti peke yake kilikuwa kumi na nane.

"Tisini na sita," mtunza stoo akasema kwa heshima. "Hili ni gunia la maharage na mfuko wake wa nyongeza."

"Niandikie risiti," Popo akajibu.

Kabla ya kuanguka alikuwa na kilo sabini na mbili.

Kamanda aliwaketisha jikoni, akaeleza polepole, na Mama Upawa alisikiliza kama mtu anayesomewa mashtaka. Misuli mikubwa ya mapaja na miguu ndiyo ilikuwa walaji wakubwa wa mwili huu, alisema. Sasa imelala, haifanyi kazi wala haiombi chakula. Mwili wa mdogo wako unahitaji chakula kidogo kuliko zamani, lakini kilicho bora: mayai, maharage, samaki, ili misuli ya juu ijengeke na ngozi iwe imara pale anapokalia, mboga na matunda nusu ya sahani, na maji ya kutosha siku nzima, ili tumbo liende na figo zisafike. Wali, kiasi cha ngumi yake. Mafuta, kijiko.

"Ngumi?" Mama Upawa aliuliza. "Hicho ni chakula au ni adhabu?"

"Ngumi ya fundi si ndogo, mama. Na kumbuka, mabega yake ndiyo miguu yake sasa. Kila unachomwongezea, yanabeba mabega."

Mazoezi yakaanza siku ileile. Popo aliagiza mbao, akazipima kwa macho kabla ya futi, akachora mistari kwa penseli. Dada akakata kwa msumeno, ameketi kwenye stuli kwa ajili ya mgongo wake, akifokewa kwa kila mstari uliokwenda upande. Zikatoka fito mbili za kushikia pande zote za kiti. Popo akagonga dari kwa ufito mrefu, akisikiliza, mpaka akaupata mti wa paa aliouamini, na humo zikafungwa kamba mbili zenye vishikio vya mbao. Kwenye nondo za dirisha wakafunga vipande vya mpira wa baiskeli vya kuvuta. Kila nusu saa ilimpasa ajiinue kitini kwa mikono na kuhesabu hadi thelathini, ngozi ipate kupumua. Kulikuwa na ubao laini pia, wa kulaza kati ya kitanda na kiti kama daraja, ambao siku moja angeuvuka.

Wiki tatu zikapita. Wakarudi stooni. Mtunza stoo akasogeza chuma, akakisogeza tena, akakuna kichwa.

"Kilo mia moja kumi na nne na nusu. Mizani haina kosa, nimetoka kupimia mchele sasa hivi."

Kamanda hakusema kitu mpaka nyumbani. Pale akazunguka chumba taratibu, akasimama mbele ya dirisha. Kulikuwa na kopo lenye mche ambao Mama Upawa aliupanda mwaka uliopita ukakataa kumea. Sasa ulikuwa umesimama na majani mapana ya kijani, unafunika nusu ya kioo.

"Mche huu nani anaumwagilia?"

Popo akaanza kuangalia kucha zake.

"Wewe," Kamanda akamwambia. "Maji ninayokwambia unywe unaupa mche. Ndiyo maana mkojo wako una rangi ya chai ya rangi. Unazitaka figo zako au huzitaki?"

Popo akakiri. Kila kikombe cha maji kilimaanisha mpira wa mkojo mara moja zaidi, na kila mara hiyo ilimaanisha chombo cha kumwagwa, na mwenye kumwaga alikuwa dada mwenye mgongo mbovu. Alikuwa anampunguzia safari.

Mama Upawa akawaka. Alimwambia mdogo wake maneno yote ambayo mkubwa huruhusiwa kumwambia mdogo, na mawili matatu yasiyoruhusiwa. Mficha uchi hazai, alimwambia. Sisi tunahangaika mchana kutwa, na wewe unatuficha vikombe vya maji. Alipomaliza pumzi, Popo akainua macho.

"Na mafuta ya kwenye uji, dada?"

Mama Upawa akakaa.

Alikuwa ametia, kila asubuhi, vijiko vitatu, akikoroga mpaka visionekane, na sukari juu yake. Mchana alificha nyama chini ya mboga. Hakuweza kustahimili kumwona mdogo wake anaondoka mezani na nafasi tumboni. Alijiambia kwamba kijiko kimoja hakijawahi kumvunja mtu, na haba na haba, kama wote tujuavyo, ina tabia yake.

"Nimeyajua tangu siku ya pili," Popo alisema. "Uji hauachi duara la njano kwenye bakuli bure. Nilinyamaza kwa sababu ni mtamu. Kikulacho ki nguoni mwako, ila mimi changu kimevaa aproni."

Hakuna aliyecheka. Popo akashika magurudumu ya kiti chake, akajisogeza karibu.

"Dada, sijawahi kukuambia lile jukwaa lilivunjikaje."

Kweli hakuwahi. Miaka mitatu, naye hakuuliza.

"Jua lilikuwa kali. Nilikuwa nimeshapanda na kushuka mara sita kufuata mabati. Mwenzangu aliyekuwa chini, rafiki yangu kabisa, akanionea huruma. Nilipokuwa nimegeuka, akanipandishia mabati yote kwa pamoja akayalaza pale kwenye jukwaa, nisihangaike kushuka tena. Hata sikusikia mlio. Nilisikia tu hakuna kitu chini ya miguu. Siku ile hakukuwa na mtu duniani aliyenitakia mema kuliko yule."

Mama Upawa alitazama mikono yake mwenyewe juu ya meza. Alitaka kujitetea, akatafuta neno, akakuta maneno yote ya utetezi aliyokuwa nayo yalikuwa ni ya yule rafiki aliyesimama chini na mabati.

Kuanzia kesho yake mezani ikaja haki ya shuleni. Upawa mmoja mdogo, mboga nusu ya sahani, mayai mawili, jagi la maji ambalo Popo alipaswa kulimaliza mbele ya mashahidi, ila alizuia chombo chake cha mkojo kisimwagwe na mtu mwingine. Alibuni ndoano chini ya kiti, akakipeleka chooni mwenyewe. Alipojaribu kusukuma sahani mara ya pili, dada alimtolea macho yale ya dirisha la jikoni la shule.

"Umeshapita wewe. Mwingine."

Wiki ya sita mizani ilisema tisini na mbili. Wiki ya tisa, themanini na nane na nusu. Mtunza stoo alianza kuandika kwa chaki ukutani, chini ya hesabu ya mchele, na wapishi wakawa wanauliza kila Jumamosi gunia limefika ngapi.

Lakini lililomshangaza Mama Upawa halikuwa namba. Kisiginoni mwa Popo kulikuwa na kidonda kidogo kilichokuwa wazi karibu mwaka mzima. Alikifunga kila siku, akikitazama na kuona kama anatazama tundu la ukutani. Wiki ya saba kilianza kusinyaa pembeni, wiki ya kumi kikawa ngozi, nyororo, ya rangi ya waridi, changa kama ya mtoto. Alikigusa kwa kidole. Mwenye mguu hakusikia. Mguu ule ulikuwa umekatiwa habari zote za dunia, haukujua kama ni mchana ama kama umeguswa, na bado yai lililoliwa mezani lilikuwa limepata njia ya kuufikia na kuushona. Mama Upawa alilisha watu maisha yake yote, naye alidhani anajua chakula ni nini. Alikaa sakafuni na kisigino kile mkononi kwa muda mrefu.

Na Jumamosi moja asubuhi alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni. Popo hakumwona. Alikuwa ameshika vishikio viwili vya kamba, amejivuta, na kiti kilikuwa kimebaki chini yake kitupu. Mgongo wake ulikuwa umefunguka mpana chini ya shati lililolowa. Miguu ilining'inia pamoja, mitulivu, haikuomba wala haikusaidia. Alikaa hewani hapo kwa hesabu kumi, akashuka bila kishindo, akapumua, akapanda tena. Mama Upawa alimbeba huyu mgongoni akiwa mchanga, alimwogesha akiwa mkubwa, na kwa miaka mitatu alikuwa anamwona kama kitu cha kuhamishwa. Sasa aliogopa, lakini si kwa hofu ya baya. Aliogopa jinsi mtu anavyoogopa mbele ya kilicho kikubwa kuliko yeye. Akarudi jikoni kwa ncha za vidole, asije akakatiza.

Kilichobaki ni daraja. Nguvu zilikuwepo, Kamanda alisema hivyo mwenyewe, na Kamanda hakuwa mtu wa kutia chumvi. Tatizo lilikuwa kichwa. Ili makalio yaende kulia, kichwa sharti kitupwe kushoto, mbele na chini kabisa, macho yakitazama sakafu. Mwili hugeuka kama mizani ya mkono, upande mmoja ukishuka mwingine unapanda. Na Popo, mtu aliyekuwa akilala juu ya paa za watu bila wasiwasi, alipoinamisha kichwa na kuona sakafu inamjia, alishikwa na ganzi. Mikono ilikaza pale pale. Mara moja alianguka katikati ya kitanda na kiti, akabaki amekaa sakafuni, akianza utani ambao hakuumaliza. Wiki ya mwisho ilifika hajavuka hata mara moja bila mkono wa Kamanda kwenye mkanda wake.

Afisa alikuja siku aliyosema, saa nne asubuhi, mwanamume mpole mwenye faili. Kamanda alikuwa zamu hospitalini. Popo alikuwa kitandani, kiti kimefungwa breki kando, ubao umelazwa.

"Naomba asiguswe na mtu," afisa alisema. "Akiweza, ameweza. Akishindwa si aibu, gari letu litamfuata mwisho wa mwezi."

Mama Upawa akarudi nyuma mpaka ukuta ukamgusa. Hakujua aiweke wapi mikono yake, akaikunja ndani ya kanga.

Mara ya kwanza Popo alisogea mpaka robo ya ubao, akainamisha kichwa, akaganda. Jasho lilimdondoka puani likapiga sakafu. Akarudi kitandani. Afisa akaangalia kalamu yake, kwa adabu.

Mara ya pili alipotandaza viganja, dada hakujijua. Midomo yake ilianza yenyewe, "Moja, m..."

"Dada," Popo akasema bila kugeuka. "Usihesabu."

Dada akajiziba mdomo kwa kanga. Popo alitazama sakafu kwa muda, kama fundi anayetazama chini kabla ya kukanyaga ubao mpya. Kisha akakitupa kichwa chini, kweli kweli, mpaka paji la uso likakaribia magoti, na kule nyuma makalio yakapaa, yakavuka ubao, yakatua kwenye kiti. Kiti kililia kidogo. Akabaki ameinama hivyo, kana kwamba habari haijamfikia. Halafu akajiinua polepole, akaushika mguu wa kushoto kwa mikono miwili akauweka mahali pake, akaushika wa kulia, akauweka mahali pake, akavuta suruali ikae sawa.

"Nimefika," akasema.

Afisa alifunga faili bila kuandika kitu ndani yake. "Kitanda kile kina mtu anayekingoja," alisema, akampa Popo mkono, na akampa kwa mikono miwili. Akaaga, akaenda zake.

Mama Upawa alibaki pale ukutani. Popo alishamgeuzia mgongo, anasukuma magurudumu kwenda jikoni. Dada akasikia mfuniko ukifunuliwa, kabati, kijiko. Popo alirudi na sinia mapajani, taulo limekunjwa mara nne chini yake, maana miguu isiyosikia moto huungua kimya kimya. Kwenye sinia kulikuwa na sahani moja.

"Tangu asubuhi hujala. Kaa."

"Wewe je? Ngoja nikupakulie kwan..."

Alikuwa ameshaanza kugeukia jikoni. Popo aliinua mkono, akauweka begani kwa dada yake. Ulikuwa mkono mzito, mgumu kama ubao, wa miezi minne ya kamba. Bila nguvu nyingi, lakini bila kumpa nafasi ya kubisha, akamteremsha mpaka kwenye kiti cha meza. Miaka mitatu, asubuhi na jioni, yeye ndiye aliyekuwa akimkalisha mtu. Mgongo wake ukakutana na egemeo la kiti na ukalegea wote, pingili kwa pingili. Akalia kidogo, akacheka kidogo, akavuta sahani. Chakula kilikuwa bado cha moto.